Picha za Kidonda cha Mama

Mama alikubali nimpige picha kwa sharti moja, na sharti hilo lilininyima raha tangu siku ile. Tulikuwa chumbani kwake Nyaramba, komeo limetiwa, pazia nimelibana kwa vibanio vya nguo. Alikuwa amepasuliwa jipu chini ya titi, na kwa kuwa ana sukari, kidonda kilikataa kufunga. Daktari wake wa Kisii, mwanamke wa rika langu, alisema hakuna haja mgonjwa ahangaike na safari kila wiki; nimtumie picha, ataangalia na kuniambia kama dawa ibadilishwe. Mama alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akafungua vifungo vya blauzi huku ameutazama ukuta.

"Mume wako akiiona hii, dawa nimeacha," alisema. "Heri nioze."

Hakuwa anatia chumvi. Sisi Abagusii tuna chinsoni, ile heshima inayomzuia mtu kuona au kutaja mambo ya mwili mbele ya mzazi wake, na hakuna mahali inapobana kama kati ya mkwe na mama mkwe. Mume wangu akifika kwa mama hukohoa tangu getini, hukaa kiti cha karibu na mlango, na chai hunywa akitazama nje kama anayengoja mtu. Kanisani husema mila hizo zilipitwa na wakati. Mlangoni kwa mama mkwe, lakini, miguu yake huwa imesahau mahubiri yote.

Nilipiga picha mbili. Daktari akanijibu, "Dada, hii haionekani poa, piga ingine karibu kidogo," nikapiga ya tatu. Niliporudi kwangu Itumbe, mkono ulikuwa juu ya mkoba njia nzima. Dada mmoja wa kwaya alikuwa amenionyesha kitu kinachoonekana kwenye simu kama kikokotoo cha kawaida, ukiandika namba yako ya siri kinafunguka na kuficha picha. Nikazifungia humo. Nikabadilisha na namba ya kufungulia simu yenyewe, ambayo watoto waliijua, na mume wangu aliijua, na nadhani hata jirani aliyekuwa akiazima tochi aliijua.

Sikutulia hata hivyo. Nikichuma chai, nasimama katikati ya mistari, natoa simu, nahakikisha kikokotoo bado ni kikokotoo. Mtoto akiniomba simu aangalie katuni, namfokea. Ujumbe ukilia, nashtuka. Nilikuwa mtu mbaya kukaa naye, na nilijua.

Kilichonishangaza ni mume wangu. Mwanamume ambaye mke wake ameanza kufunga simu na hata haulizi, ana lake. Nilingoja aniulize. Nilikuwa nimeshatunga na uongo wa kumpa. Hakuuliza. Badala yake aliacha kwenda Nyaramba. Zamani nikisema naenda kwa mama, yeye ndiye alikuwa akinihimiza, anakata mkungu wa ndizi, anabeba mwenyewe. Sasa kulikuwa na zamu ya kiwandani, mkutano wa mashemasi, mtaro wa kuzibua. Sabuni na unga alituma, mwili wake hakuupeleka. Mama yangu anaugua na mkwe wake anazibua mitaro! Nilimkasirikia mpaka nikawa namwekea chakula bila kumwangalia.

Kisha ng'ombe akazaa. Nilimpiga ndama picha asubuhi, bado ana unyevu, mguu mmoja wa mbele umekunjwa chini ya kifua. Sikumtumia mtu. Mume wangu aliporudi kutoka kiwandani jioni, hata kabla hajafika zizini, aliuliza kama ule mguu wa ndama umenyooka.

Nikamuuliza ameuonea wapi. Akasema, bila kufikiri, kwamba picha za simu yangu huingia kwake. Wakati ananinunulia simu sikuwa na barua pepe, akaifungua kwa yake, na tangu hapo kila nikipiga picha, kwake pia inatokea. Aliposema hivyo akainama ghafla kutafuta viatu vya shambani ambavyo tayari alikuwa amevivaa.

Mimi nilishika nguzo ya zizi. Nilikuwa nimeficha picha kwenye kikokotoo wakati nakala zake zimeshafika mfukoni mwake kabla mimi sijatoka Nyaramba. Nilitaka kumnyang'anya simu palepale. Lakini kama hajaziona, kumnyang'anya ni kumwambia azitafute. Nikajifanya nakamua.

Siku zilizofuata nilimfuata yule mtu kama mdai. Simu ilikuwa mfukoni mwake akiwa kazini, chini ya mto akiwa amelala. Akienda kuoga alikwenda nayo, ati anasikiliza habari. Niliunguza wali. Nilimjibu daktari vibaya, nikamwomba radhi. Na wakati wote huo kidonda kilikuwa kinaanza kufunga, daktari anafurahi, anataka picha nyingine. Nikaanza kupiga kwa simu ya mama mwenyewe, ile yenye kioo kilichopasuka, na picha zikawa hazionyeshi kitu.

Niliipata simu yake siku ya Sabato. Mume wangu husoma nyimbo kwenye simu, na alipoitwa kukusanya sadaka alinipa nimshikie, wimbo ukiwa bado wazi. Kanisa lilisimama kuimba. Nami nikasimama, mdomo unaimba, kidole kinatafuta. Nikaona ndama. Nikaona watoto, majani ya chai, sare mpya ya shule. Za mama hazikuwapo. Nilikaribia kumshukuru Mungu kwa sauti. Kisha nikafungua pale picha zilizofutwa hukaa kabla ya kupotea kabisa, na zote zilikuwa humo. Ile ya kwanza, ile ya karibu, na za wiki zilizofuata. Alikuwa amezifuta moja moja, kila zilipoingia.

Nilimtafuta kwa macho. Alikuwa upande wa pili na mfuko wa sadaka, ananitazama, na kwa uso wake nilijua kwamba amejua.

Tulifika nyumbani, watoto wakaenda kucheza. Hapo nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungeacha kuzipiga," alisema. "Na ukiacha, mama angetibiwa vipi?"

Aliniambia ile ya kwanza aliiona kabla hajaelewa ni nini. Hakukuwa na uso, lakini alilitambua blanketi, kwa sababu ni yeye aliyelinunua. Zilizofuata alizifuta ametazama pembeni. Kuzizuia zisije hakujua, na kwa fundi wa simu aliogopa kwenda, maana fundi angeziona. Alisema hayo akitazama sakafu, na mimi niliyekuwa nimemnunia kwa wiki nzima nzima nilitamani sakafu hiyo inimeze.

Nikamwambia basi twende tukamwone, mama hajui lolote.

"Mimi najua," alijibu. "Nitaingiaje mle? Chinsoni imevunjika; ili niingie, jambo hili litajwe kwanza mbele ya wazee, lirekebishwe. Likitajwa atalisikia. Na mama yako namfahamu, mama watoto. Akilisikia, dawa ameacha."

Sikuwa nimewahi kumwambia lile sharti.

Jioni ile tulizitenganisha simu, vichwa vimegusana juu ya kioo, tukisoma maagizo kwa zamu. Nikafuta picha zote kwake, kisha nikafuta tena pale zilizofutwa hukaa. Nikarudi Nyaramba kila wiki, peke yangu, na unga wake mgongoni.

Kidonda kilifunga kabla ya mvua kubwa. Daktari akaomba picha ya mwisho ya kovu, na akasema mama aendelee na kliniki ya sukari bila kukosa, maana mguu au mahali pengine panaweza kuanza vilevile. Kwa hiyo hata sasa siwezi kumwambia mama kilichotokea. Nilimpiga picha akiwa amekaa kitandani, safari hii hakuutazama ukuta. Alifunga vifungo polepole, kimoja kimoja, mpaka shingoni.

"Watu wote wamekuja kuniona," alisema. "Wa kanisa, wa soko, hata wale tusiosalimiana. Isipokuwa mume wako. Mwambie nimepona bila yeye."

Nikasema nitamwambia.