Nilivyowaletea Panya wa Maabara Damu Mpya

Nakiri mwenyewe, kabla hamjasikia kwa majirani zangu wa mtaa wa Soweto.

Miaka ya tisini nilikuwa nalisha panya kwenye maabara moja hapa Moshi. Kulikuwa na ukoo wa weupe na ukoo wa kahawia. Siku moja nikasoma daftari nikaona kila dume hupewa dada yake wa tumbo moja. Nilishtuka! Kwetu mlimani hata beberu haachiwi dada zake; tunaazima dume kwa jirani, kizazi kisidhoofike. Basi dokta mwenye panya aliposafiri, nikawahurumia, nikabadilisha madume ya koo zile mbili. Nilijiona bwana mifugo hasa.

Dokta alirudi baada ya mwezi na nusu, akaja na wanafunzi.

"Hawa weupe," akawaambia, "wamezaliana kaka kwa dada zaidi ya vizazi ishirini. Wote ni kama mapacha. Ngozi ya huyu ukimpandikiza yule, inashika kama yake mwenyewe. Lakini ikiingia damu ya nje mara moja tu, ukoo umekwisha."

Mwili ulinisisimka. Kumbe miaka mitatu nilikuwa nafagia mavi ya muujiza! Nilitaka kupiga makofi. Kisha nikakumbuka, mikono ikaganda.

Dokta akafunua kizimba. Mama mweupe pe alikuwa amejilaza, na watoto kumi wamembana ubavuni, wote wa kahawia.

Akanigeukia taratibu. "Baba Neema, hawa baba yao ni nani?"