Mlima Uliopasuka na Swali la Mama Mmoja

Nilikuwa nasuuza nguo za shule mtoni, hapa Lushebere, jirani alipopita akisema mtaalamu wa mvua amefika kanisani kuzungumzia ule mlima uliopasuka juu ya nyumba zetu. Nikajitwika beseni, nguo bado na sabuni, nikamfuata.

Mtaalamu alionyesha michoro. Alisema dunia imezidi joto, mvua zimebadilika, uwezekano wa udongo kuporomoka ni mkubwa. Tulipiga makofi bila kujua tufanye nini. Alipotamka neno kuhama, mkubwa wa serikali aliyeketi kando yake alimgusa goti.

"Profesa, kuhamisha watu njo politike. Ongea siyansi tu."

Akarudi kwenye michoro.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasimama. "Papa, miye sikusoma hizo makaratasi. Batoto yako, unaweza kubalalisha kule chini ya mlima leo?"

Watu wakacheka. Mtaalamu hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akamtazama mkubwa, kisha yule mama.

"Hapana, Mama. Hata siku moja."

Mkubwa akakohoa. Sisi tulikuwa tumeshaanza kutoka, kwenda kufungasha vitu.

Wanasema mtaalamu asiingie politike, yaani siasa. Lakini kama angenyamaza pale, angekuwa ameshaingia, na sisi tungelala chini ya mlima.

Jioni nilipakua bugali na maharagwe nyumbani kwa dada yangu, ng'ambo ya bonde, mbali na mlima, mvua ikianza. Nikahesabu: watoto watano, baba yao, mimi. Sote tupo.