Nilipovaa Koti la Daktari

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka nashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa majani ya ng'ombe baada ya kupanda nao kutoka tambarare. Ni siku niliyomkuta bibi mmoja wa Kirusi yu hai, ameketi kitandani hospitalini, anamenya yai. Lakini nikianzia hapo hutanielewa. Acha nirudi nyuma kidogo.

Mimi ni mzaliwa wa hapahapa Old Moshi, katika kihamba hiki cha baba yangu, kati ya migomba na mibuni. Nikiwa kijana nilipata nafasi ya kwenda kusoma sheria Urusi, miaka ile dola yao kubwa ilipokuwa imevunjika. Posho ya wanafunzi wa kigeni leo ilikuja, kesho haikuja. Na baridi ya kule si hii tunayoilalamikia mwezi wa saba.

Mlangoni pa bweni letu alikaa mama mtu mzima aitwaye Nina, mtunza funguo. Nilimwita Bibi Nina. Ndiye aliyenifundisha kuvaa nguo za theluji, akanisahihisha lugha bila kunicheka, na siku nilizokosa chakula alinisukumia bakuli la supu ya kabichi bila kuuliza kitu. Alikuwa na shinikizo la damu. Vidonge vyake aliviweka mezani karibu na funguo, na kila asubuhi alimeza kimoja nikimwona.

Njaa, mwanangu, humfanya mtu asikie maneno matamu hata pale yasipokuwepo. Siku moja nje ya chuo alinisimamisha jamaa mtanashati aitwaye Oleg. Akaniuliza ninatoka wapi. Nilipotaja Kilimanjaro alinishika mkono kama ndugu aliyepotea. Alitaka nisimame kila Jumamosi kwenye ukumbi mmoja, nimevaa koti jeupe la daktari, mbele ya wazee waliokuja kununua dawa. Ujira wangu ungekuwa viazi, mafuta ya kupikia na nyama ya kopo.

"Sasa niseme nini?" nikamuuliza.

"Chochote, kwa lugha ya kwenu. Mimi nitatafsiri."

Basi nikasimama. Nikawaeleza wazee wale kwa Kichagga namna mama yangu anavyopika kiburu, ndizi na maharage kwenye chungu kimoja. Nikaeleza na jinsi ya kupogolea kahawa. Oleg akatafsiri kwamba mimi ni daktari wa ukoo wa waganga, kwamba mizizi ya mlima wetu husafisha damu, na kwamba atakayeitumia aache dawa nyingine zote. Kirusi nilikuwa nimeshakijua. Nilisikia kila neno, na chupa za hiyo dawa nilikuwa nimemwona akizijaza sukari na maji. Lakini nikajiambia kwamba kinywa changu hakijasema uongo, na nikaenda zangu na viazi.

Wazee wale hawakuwa wajinga, usije ukawadharau. Walikuwa wamelelewa katika nchi ambayo kilichochapwa kwenye karatasi kilihesabiwa kuwa kimepita serikalini. Ghafla nchi ikafunguka, na karatasi zikaanza kuchapwa na kila mtu. Kila ngazi ya ghorofa ilikuwa na mtu aliyelia: huyu katapeliwa akiba, yule katapeliwa nyumba.

Na kichekesho ni hiki: wiki hizohizo darasani tulikuwa tunasoma kosa la utapeli. Kwa Kirusi wanaliita moshennichestvo. Wenzangu walicheka sana kwamba neno hilo linaanza kama jina la mji wetu. Mhadhiri wetu, mzee mmoja aliyechechemea, hakucheka. Alituandikia ubaoni kwamba utapeli ni kuchukua mali ya mtu kwa udanganyifu, au kwa kuitumia vibaya imani yake. "Mwizi huvunja mlango," akasema. "Tapeli hufunguliwa na mwenye nyumba." Nikaandika, nikakariri, mtihani nikafaulu. Jumamosi nikavaa tena lile koti. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo yenyewe nilikuwa nimeivaa.

Jumatatu moja niliingia bwenini nikakuta kiti cha Bibi Nina kimekaliwa na mtu mwingine.

"Nina kaanguka jana," yule mama akaniambia. "Kapelekwa hospitali. Mezani pake tumekuta hii."

Ilikuwa chupa ya Oleg. Kwenye karatasi yake palikuwa na picha yangu niliyopigwa ukumbini, nikiwa na koti jeupe, natabasamu.

"Alisema ni dawa ya kwenu," mama yule akaendelea. "Akaacha vidonge vyake. Tulimkataza, akasema kijana wake hawezi kumdanganya."

Sikumbuki nilivyovuka ule mji. Nakumbuka tu kwamba nilisahau kofia, na kwamba njiani nilimwomba Mungu kwa Kichagga, Kiswahili na Kirusi, nisijue lugha ipi itafika kwanza. Nilipanda ngazi za hospitali nikiwa na hakika naenda kuoneshwa maiti. Nikasukuma mlango wa wodi. Bibi Nina alikuwa ameketi, shuka magotini, anamenya yai. Nikakaa chini sakafuni. Muuguzi alidhani ni mimi mgonjwa.

Daktari wa kweli akanieleza kwamba presha ilipanda, ila aliwahishwa. Mkono wa kushoto ulikuwa na ganzi, nao ungerudi katika hali yake.

Nikasogea kitandani. "Bibi, ile chupa aliijaza mtu aitwaye Oleg, ni sukari na maji ya mnanaa. Mimi si daktari. Na nilijua."

Aliendelea kumenya. Kisha akasema, "Huyo Oleg simjui. Angekuja peke yake nisingempa hata kiti. Nilikuamini wewe."

"Sikusema neno la uongo, Bibi."

"Ulisema nini?"

"Nilieleza jinsi mama anavyopika ndizi."

Akacheka mpaka muuguzi akaja kutazama. Halafu kicheko kikakatika, akanikazia macho. "Mama yako angekuwa kwenye kitanda hiki, ungesema hukusema uongo?" Akanikatia nusu ya yai, akanipa. "Kula. Kisha nenda ukawaambie na wale wengine."

Yai lile lilinishinda kumeza, mwanangu, lakini nililimeza.

Nilikwenda kwa mhadhiri wangu nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, akasema, "Kosa hili lina mikono miwili, udanganyifu na imani. Oleg alileta ule wa kwanza. Wewe ukamwazima wa pili." Akachukua koti lake, tukaenda pamoja polisi. Mficha uchi hazai. Nilieleza kila kitu, hata viazi. Kwa wiki kadhaa nililala nikijiona nimefungwa, au nimerudishwa nyumbani na aibu, mama amekaa kanisani ameinamisha kichwa.

Sikungoja majibu. Jumamosi iliyofuata nilisimama mlangoni pa ule ukumbi bila koti, nikawaambia wazee waliofika kwamba dawa ile ni sukari, warudie vidonge vyao. Wengine walinitukana, na walikuwa na haki. Oleg alikamatwa kabla theluji haijayeyuka. Mpelelezi akaniita, akaniambia kwamba kwa kuwa nilikuja mwenyewe kabla ya kutafutwa, nitaitwa kama shahidi na si mshtakiwa. Akaongeza kwamba wamewatafuta wanunuzi wote na hakuna aliyekufa. Nilitoka nje nikasimama barabarani nikilia kwa furaha, wapita njia wakinikwepa.

Mwaka huu rafiki niliyesoma naye kule kanipigia, ananiambia utapeli wa kwao sasa umehamia kwenye simu. Mtu anampigia ajuza, anajiita askari au mtu wa benki, na ajuza anamwamini. Nikamjibu, hata Moshi wapo, hata Kahe wapo.

Na wewe umeniambia kwamba wafanyabiashara fulani wameona umemaliza masomo ya uuguzi, wanataka uvae sare na usimame pembeni tu kwenye picha zao za kutangaza unga wanaodai unaponya kisukari. Hutasema kitu, wanasema. Mwanangu, kataa. Sare yako ndiyo maneno yenyewe. Hao hawatafuti ulimi wako, wanatafuta ile imani ambayo watu wa huku wanayo kwako kwa sababu wanamjua mama yako. Ukiona mtu anakulipa ili unyamaze tu, jiulize kimya hicho atakiuza kwa nani. Na kama umeshaanza, usingoje kuitwa. Nenda mwenyewe, mapema, kwa sababu majuto ni mjukuu, na si kila mtu hufungua mlango wa wodi akakuta bibi anamenya yai. Mimi nilihurumiwa.

Mungu akupe kazi ya halali na chakula kitakachopita kooni bila kukwama. Akupe uso ambao mgonjwa akiuona atatulia, na moyo unaostahili utulivu huo. Uende salama, mwanangu, na ulale usingizi wako wote.