Duara Kwenye Kisanduku cha Risasi

Wiki iliyopita basi la kazi lilitupitisha Umm Salal, nje kidogo ya Doha, nikamwomba dereva apunguze mwendo. Shamba nilikolelewa sikuliona. Kuna ukuta mrefu mweupe na nyumba za ghorofa mbili zinazofanana kama mayai. Wenzangu waliniuliza ninatafuta nini, nikasema hakuna. Wewe nitakuambia.

Baba alikuwa dereva wa kafili wetu, yaani mdhamini, mzee mpole aliyetuleta Doha kutoka Kenya, na Mama alikuwa mpishi wake. Tuliishi chumba cha nyuma, karibu na mitende na banda la mbuzi. Wakati huo kisiwa cha The Pearl kilikuwa bado mchanga unaomwagwa baharini. Asubuhi kulinukia kahawa yenye iliki, adhuhuri wali wa machbusi ambao Mama aliupika hadi akasahau ugali, au ndivyo alivyosema kumchokoza Baba.

Mzee alipenda kulenga shabaha, na risasi za bunduki yake alizijaza mwenyewe, kwa kibali, katika chumba chenye baridi ya eisii. Baba alikuwa seremala kabla ya kushika usukani, kwa hiyo yeye ndiye aliyemtengenezea vibao: mbao ngumu, mashimo hamsini, kila shimo la kusimamishia ganda moja. Nakumbuka harufu ya vumbi la mbao na kelele za keekee. Shimo moja likiharibika, Baba alitupa kibao kizima. "Shimo likilegea risasi inalala," alisema, "na iliyolala haikuonyeshi tumbo lake." Ilibidi zisimame ili mzee amulike kwa tochi aone kila moja imepata baruti. Zilizokamilika ziliingia kwenye visanduku vyenye vifuniko vya kuteleza, kazi ya Baba pia. Juu yake mzee aliandika moja hadi nne, kwa tarakimu za Kiarabu, kulingana na ukali wa baruti.

Siku moja mzee alifunga risasi chache za kupimia urefu tu. Fataki ya kitako ilikuwemo, baruti haikuwemo. Akamwambia Baba azitenge. Baba akazitia kwenye kisanduku kipya. Mwandiko wake, Mama alisema, ni wa kuku aliyekanyaga matope, ndipo Baba akaniita mimi, binti yake wa miaka kumi, niweke alama ya kuonyesha hazina kitu. Nikaandika sifuri. Duara zuri, la wino mweusi. Baba alilisifu.

Ndugu yangu, sifuri yetu ndiyo tano yao. Nilijua. Niliisoma kila mara kwenye bei za duka la Mansoura tulikonunua unga. Lakini mkono uliandika kama ulivyofunzwa shuleni.

Mtoto wa mzee, kijana aliyekuja likizo, alikuta moja, mbili, tatu, nne na duara. Akalisoma duara kuwa tano, akadhani hizo ndizo kali kuliko zote. Aliyoipiga ilitoa mlio mdogo tu; fataki peke yake ikaisukuma risasi hadi ikakwama ndani ya mtutu. Hakujua. Akachukua nyingine kutoka kisanduku cha nne, akapiga. Bunduki ikapasuka. Alipoteza jicho na vidole viwili.

Mzee alimwita Baba akamuuliza nani aliandika. Baba akasema ni yeye. Nilimfuata chumbani nikilia, nikamwambia ninakwenda kusema. Akanishika mabega.

"Nikisema ni mimi, watanirudisha nyumbani. Ukisema ni wewe, utaishi nalo."

"Lakini ni mimi, Baba."

"Najua. Nyamaza, mama."

Tulirudi sote watatu. Baba hakupata tena kazi ng'ambo. Vijana wa kwetu walimtania wakimwita Mwarabu wa Kurudishwa, naye akicheka, akiwatengenezea vitanda kwa mkopo hadi kifua kikamshinda. Mimi nilikua nikarudi Doha, ninasafisha vyumba vya hoteli.

Mwaka jana alifariki. Hotelini nilipewa ruhusa ya siku saba. Mazishini mjomba alishika maikrofoni akasema marehemu alikuwa fundi hodari, ila uzembe wake mmoja Arabuni uliwaponza mke na mtoto. Watu wakatikisa vichwa. Mama, anayejua, akanitazama. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Sikusimama.

Shamba halipo, mitende haipo. Na aliyeniambia ninyamaze amekwenda bila kuniambia hadi lini.