Sura ya Mtoto, Ukurasa wa Tisa

Jumanne, mama mmoja kutoka kambi ya wakimbizi ya Nduta aliingia ofisini kwetu hapa Kibondo, tunakotengeneza jarida la malezi. Alitaka toleo lenye picha ya mwanawe, tuliyoipiga siku anapimwa uzito kliniki. Mtoto amesharudi Burundi na baba yake.

Mhariri akamfungulia ukurasa. Mama akauinamia, akapitisha kidole mahali pa uso, kisha akapakwangua kwa ukucha kama anayeondoa tope.

"Dada, mbona hapa pana ukungu?"

"Ni utaratibu wetu, mama. Sura za watoto tunazificha kwa usalama wao."

"Basi nipe ile isiyofichwa. Sina picha yake nyingine."

Mhariri akanitazama. Picha ni kazi yangu, na zile halisi huzifuta jarida likishachapwa. Huo nao ni utaratibu, tena nimeshausifia kwenye semina.

"Niliifuta, mama," nikasema.

Hakugomba. Alilikunja jarida taratibu, akalifunga ndani ya kitenge, akashukuru.

Wasomaji, kazi tuliifanya barabara. Tulimficha yule mtoto asijulikane na mtu yeyote, na kweli, hata mama yake amemkosa.