Soda Iliyokatwa Kwenye Filamu

Wewe ungekunywa chupa moja na Mtwa? Jibu kwa ukweli, maana Élysée ameliona swali hilo machoni mwa watu tangu utotoni.

Watwa ndio wenyeji wa kwanza wa Burundi. Élysée ni mmoja wao. Majirani walinunua vyungu vya mama yake, lakini pombe walimpa kwenye kibuyu cha peke yake, wasichangie naye. Warundi waliokimbilia Johannesburg waliacha nyumba na mashamba. Desturi ya kibuyu walikuja nayo. Élysée ni kinyozi katika barabara ya Jules, mtaa wa Malvern, na anaishi mtaa wa Berea chumba kimoja na mpenzi wake Jimmy, Mrundi asiye Mtwa.

Mwaka jana Saida, Mtanzania mtengeneza filamu, aliwapakia kwenye gari lake bovu hadi Musina, mpakani na Zimbabwe, wakaigiza maisha yao wenyewe: vijana wawili wanaopendana, wakikomaa safarini. Huko, mbele ya kamera, Jimmy alikunywa soda, akampa Élysée, akaipokea tena bila kufuta mdomo wa chupa, akaimaliza. Walibusiana pia. Lakini kilichomliza Élysée ni ile soda.

Jumamosi filamu ilionyeshwa Randburg. Busu lilikuwepo. Soda haikuwepo.

Nje ya ukumbi Élysée akawafuata Saida na Jimmy. "Dada Saida, umeikata soda?"

Saida akaangalia chini. "Muulize mwenzako. Aliniomba yeye."

Jimmy akajichekesha. "Eish, usinitolee macho, bwana. Busu nitamwambia shangazi nilikuwa naigiza."

"Na soda?"

"Soda niliimeza! Nani ataamini nimeigiza? Shangazi Gaudiose hatanipa sahani tena nyumbani kwake."

"Kumbe aibu yako si kupenda mwanamume. Ni kumpenda Mtwa."

"Sijasema hivyo."

"Umemwambia Saida."

Ndani, ukumbi mzima ulikuwa umesimama ukishangilia uhuru. Uhuru gani huo, unaoogopa mate ya mtu?

Jimmy hakurudi Berea. Alilala kwa shangazi yake.

Asubuhi iliyofuata Élysée alikuwa anakwenda kazini alipowaona kwenye roboti, taa za barabarani, Jimmy na Shangazi Gaudiose, wamevalia nguo za kanisani, wamezungukwa na waumini wenzao.

"Mwigizaji wetu!" shangazi alimtania. "Mpaka busu! Mtoto wewe utaniua!"

Wote wakacheka, Jimmy akacheka nao. Kisha akamwona Élysée. Taa ya waenda kwa miguu ilikuwa bado nyekundu. Jimmy akamshika shangazi mkono, akamvusha haraka kati ya teksi zilizokuwa zikipiga honi, hadi upande wa pili.