Nilitoa makochi nje ili sebule iwe classic, mtaa mzima ukaja kuzika

Wakuu, salamu kutoka Bariadi. Ninayoandika hapa yamenikuta mimi mwenyewe, na atakayebisha aje nimwonyeshe ukuta.

Nyumba yangu niliijenga kwa kujibana, ila sebule nilijiachia. Dari ya gypsum ya ngazi tatu. Taa za bluu na nyekundu zinazobadilika zenyewe. Ukuta mmoja zambarau. Makochi mekundu, makubwa, mtu mfupi akikaa miguu haigusi sakafu.

Nilijiona nimemaliza maisha.

Mwaka jana mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Mwanhuzi. Akalala usiku mmoja tu. Asubuhi akamwambia binti yake kwamba taa zinamzungusha kichwa na makochi yanammeza, apelekwe stendi.

Mimi hakuniambia kitu. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume wanaheshimiana kwa umbali. Nikimsalimia nainama kule mlangoni, naye anaitikia akiangalia pembeni. Akiwa na neno na mimi anampitishia mke wangu.

Mwaka huu mama akaumwa, akalazwa. Ikafika siku ya kuruhusiwa, na daktari akasema asikae peke yake.

Mke wangu, Mama Sayi, akaniambia, "Mama asipokaa hapa, mimi na watoto tunahamia Mwanhuzi mpaka apone."

Hakupaza sauti. Mke wangu asipopaza sauti ujue mabegi ameshapanga kichwani. Wakuu, mimi kupika najua chai tu.

Alhamisi akaondoka na watoto kwenda kumchukua mama, kurudi Jumamosi. Nikaamua kumfanyia surprise. Nikaingia mtandaoni kutafuta sebule ambayo mtu mzima anaweza kukaa akatulia. Nikakutana na hilo neno, classic. Ukuta rangi ya cream, mapazia marefu, vitu vichache, hakuna kinachopiga kelele. Wanasema hata baada ya miaka thelathini haipitwi na wakati.

Nikamwita fundi Shija, yuleyule aliyenifungia taa za disco.

Akasikitika sana. "Bosi, tukitoa taa za rangi, watu watajuaje kama una gypsum?"

Nikamwambia ng'oa.

Ijumaa tukapiga msasa kutwa nzima. Jumamosi alfajiri tukatoa makochi yote uani, kabati la vyombo, meza, zulia. Mawingu yalikuwa yamefunga, nikafunika na turubai kubwa. Vumbi lilikuwa limeniingia machoni, macho mekundu, machozi yanatiririka, mdomoni nimefunga kitambaa.

Jirani yetu Mama Kabula akapita na ndoo yake. Akaangalia makochi. Akaangalia turubai. Akaniangalia mimi. Akaweka mkono kifuani, akageuza na ndoo yake tupu.

Nikadhani amesahau kitu nyumbani.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wale wasiojua mazingira yetu. Mtu akifa, kitu cha kwanza ni kutoa makochi sebuleni ili akina mama watandike mikeka. Turubai linafuata. Na mtaa mzima ulikuwa unajua mama mkwe wangu yuko hospitali. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nawaza cream.

Saa nne tukamaliza koti la pili la rangi. Shija akaenda kunywa chai, mimi nikaenda sokoni kuchukua mapazia. Simu ilikuwa imeisha chaji, na umeme haukuwepo tangu usiku.

Kurudi nakuta uwanja wangu umejaa watu.

Wanaume wamehamisha turubai, wamelifunga juu, wamekaa chini yake kwenye makochi yangu. Kuna mzee anapasua kuni. Sufuria kubwa iko juu ya mafiga. Ndani akina mama wamekaa kwenye mikeka wanalia.

Wakuu, akili yangu ikafanya hesabu moja tu. Simu yangu imezima. Wenzangu wamepata taarifa kabla yangu. Mama amefariki.

Nikaangusha mapazia palepale. "Mayu wane! Mama yangu!"

Nililia. Sijawahi kulia vile mbele ya watu. Nikasema mama, nimeng'oa taa kwa ajili yako, nimepaka rangi kwa ajili yako, ungesubiri hata uone. Nilikuwa namlilia mtu ambaye hatujawahi kukaa chumba kimoja dakika tano.

Kama kulikuwa na aliyekuwa na mashaka, basi yakaisha. Mkwe mwenyewe amelia, nani tena aulize?

Balozi wetu wa nyumba kumi akanishika bega. Pembeni yake alikuwa amekaa Shija, fundi wangu, ameinamisha kichwa, rangi bado iko mikononi. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuwaambia watu kwamba tunafanya ukarabati. Akasema, "Bosi, nilirudi nikakuta wanalia, nikajua taarifa imekuja wakati niko kwenye chai."

Sasa gari la kukodi likaingia.

Mke wangu alikuwa amepiga simu yangu tangu asubuhi bila kunipata. Anashuka anaona turubai, anaona watu. "Baba Sayiii!" Akakaa chini kwenye vumbi. Nikatoka mbio kwa wanaume, nikamkumbatia, tukalia wote wawili. Mimi namlilia mama yake, yeye alikuwa ananililia mimi, na kwa muda hakushtuka kwamba amekumbatiwa na marehemu.

Mlango wa nyuma wa gari ukafunguka. Ikatoka fimbo. Ikafuata miguu. Akashuka mama.

"Nani kafa hapa?"

Yule mzee wa kuni aliacha shoka na kuondoka, na mpaka leo hajalifuata.

Balozi akakohoa, akamsalimia. "Mayu, mwadila. Tulikuwa... tunakusubiri."

"Nani kasema mimi nimekufa?"

Mama Kabula akachungulia kutoka ndani. "Mayu, makochi yalikuwa nje."

Mama akayaangalia makochi, akatikisa kichwa taratibu. "Makochi nje? Hata mimi ningelia gete, kweli kabisa."

Halafu akaanza kutembea kuelekea ndani. Nilisahau msiba, nikakumbuka mabegi. Nikamfuata kwa mbali.

Sebule ilikuwa tupu. Mikeka tu na kuta za cream. Akina mama waliposimama kumpisha ndipo nikaona: kila mmoja ana cream mgongoni kwenye khanga, na ukutani kuna alama za migongo yao, moja baada ya nyingine.

Nilitaka ardhi inimeze.

Mama akazunguka akiangalia. Akakaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akaegemea ukuta na yeye.

"Hapa nakaa," akasema. "Yale makochi yasirudi."

Jioni ile tulikula chakula cha msiba wake, na yeye aliomba aongezewe nyama.

Wiki iliyofuata Shija alikuja na ndoo kurekebisha ukuta. Mama akaweka fimbo mlangoni. "Yaya, hapana." Akaonyesha alama za ukutani. "Huyu hapa Mama Kabula. Yule mwembamba mke wa balozi. Hawa walikuja kunizika, wewe unataka kuwafuta?"

Basi wakuu, hiyo ndiyo sebule yangu. Mikeka, vigoda, mapazia marefu na migongo kumi na miwili. Sitaipaka tena.

Nilichojifunza: kabla hujatoa makochi nje, pita kwanza kwa jirani useme. Na simu uichaji.

Mwenye dawa ya kutoa rangi kwenye khanga aniandikie hapo chini, nina deni la khanga kumi na moja. Na kama kuna aliyewahi kula kwenye msiba wake mwenyewe, ajitokeze tumkutanishe na mama.

Ngoja niishie hapa, ananiita chai. Siku hizi ananiita mwenyewe, hampitishii mtu.